Kilo zimerudi zote: ni mdomo wangu au ni ubongo wangu?

Swali

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 41. Mwaka juzi nilikuwa na kilo 98. Nikajifunga kibwebwe: nikapunguza chakula, nikawa natembea kila siku, na baada ya miezi tisa nikafika 83. Leo nina 99. Kutembea sijaacha, lakini njaa iliyonishika siwezi kuielezea. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 6.4 na nimeambiwa niko ukingoni mwa kisukari. Daktari aliyenipima alisema tatizo langu ni mdomo. Mpwa wangu anasema amesoma kwamba chanzo cha unene ni ubongo. Ni kweli, au ni maneno ya kujifariji? Na kama ni ubongo, nijaribu tena ya nini?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Ni kweli. Ubongo una mkono mkubwa katika kurudi kwa kilo hizo, na hilo halisemwi ili kukufariji. Limepimwa kwa wanyama na kwa watu kwa zaidi ya miaka 80. Sababu ya kujaribu tena nayo ipo, nitaifikia, ila safari hii usijaribu kama ulivyojaribu mwanzo.

Kwanza niseme kuhusu hilo neno "mdomo". Miaka yangu ya mwanzo kazini nami nililisema, kwa lugha laini zaidi, lakini maana ilikuwa ile ile. Mgonjwa anakuja, namwambia apunguze kula, namwandikia tarehe ya kurudi, tarehe inafika haonekani. Nikadhani ni mkaidi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi ndiye niliyekuwa na shibe. Hiyo njaa unayosema huwezi kuielezea ndiyo habari nzito kuliko zote katika barua yako, na inaelekea hakuna aliyekuuliza habari zake.

Chini ya ubongo, nyuma ya macho, pana kieneo kiitwacho haipothalamasi. Uzito wake ni kama gramu nne tu katika ubongo wa takriban kilo 1.4, lakini ndiko kunakosimamiwa joto la mwili, kiu, usingizi na njaa. Ukipigwa na baridi unatetemeka bila kuamua kutetemeka. Njaa nayo iko chini ya usimamizi huo huo. Unaweza kuishinda leo na kesho, kama mtu anavyoweza kubana pumzi. Pumzi hukushinda ndani ya dakika moja au mbili, kwa hiyo hakuna anayekulaumu ukipumua. Njaa hukushinda baada ya miezi, na watu huona umeshindwa wewe.

Mwaka 1940 wataalamu wawili wa Marekani, Hetherington na Ranson, walitia jeraha dogo sana kwenye haipothalamasi za panya wa maabara. Panya wale wakanenepa kupita kiasi. Hapo ikajulikana kwamba ubongo unahusika, ila haikujulikana unapataje habari za mafuta yaliyo tumboni na mapajani. Dokezo lilitoka kwa Douglas Coleman wa Jackson Laboratory, katika jimbo la Maine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuwaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji ili damu zao zichanganyike. Alimchukua panya aliyezaliwa na aina fulani ya unene wa kurithi, akamuunganisha na panya wa kawaida. Yule wa kawaida akaacha kula, akakonda, akafa kwa njaa chakula kikiwa mbele yake, na mnene akaendelea kunenepa. Kumbe ndani ya damu ya yule mnene mlikuwa na ujumbe wa "tumeshiba, acha kula", tena mwingi mno. Mwenyewe hakuusikia, lakini mwenzake aliusikia ukamuua.

Ujumbe huo ulipatikana mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ni homoni, na ikaitwa leptini. Inatengenezwa na mafuta yenyewe. Mafuta yakiwa mengi leptini huwa nyingi katika damu, na ubongo hujua ghala limejaa. Yakipungua nayo hupungua, ubongo ukajua ghala linakwisha.

Kuna watoto wawili ambao ningependa kila daktari awajue. Mwaka 1997 timu ya Cambridge, Uingereza, walimokuwamo Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly, ilieleza habari za binamu wawili. Msichana alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mvulana alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, kisha njaa ikawashika na haikuwaachia. Vipimo vikaonyesha kwamba miili yao haitengenezi leptini kwa sababu ya hitilafu ya jeni moja. Msichana alipoanza kuchomwa sindano ya leptini kila siku, njaa ikatulia, na ndani ya mwaka mmoja akawa amepungua zaidi ya kilo 15. Mtoto ni yule yule na wazazi ni wale wale. Kilichobadilika ni ujumbe mmoja tu uliokuwa haufiki kwenye ubongo.

Najua utauliza: basi si nichomwe leptini? Laiti ingekuwa hivyo. Ugonjwa wa watoto wale ni nadra mno. Watu wengi wenye unene wana leptini nyingi katika damu, na wakiongezewa nyingine matokeo huwa madogo, maana ubongo wao umekuwa mzito kuisikia. Na ukiniuliza mimi, kazi kubwa ya leptini haikuwa kutuzuia kunenepa. Kazi yake ni kupiga kengele inaposhuka. Kwa karne nyingi kilichokuwa kikiua watu ni njaa, na ubongo wetu umejengwa kuiogopa njaa kuliko kitambi.

Sasa turudi kwako, kwenye zile kilo 15. Ulipokuwa unafurahia nguo kulegea, haipothalamasi yako ilikuwa inapokea habari nyingine kabisa: leptini imeshuka ghafla, kuna ukame, tujiokoe. Humo ndani kuna makundi mawili ya seli za neva yanayovutana. Moja huamsha njaa na jingine hutuliza. Wanasayansi wamewahi kuziwasha seli za njaa za panya kwa mwanga uliopitishwa kwenye uzi mwembamba wa kioo. Panya aliyekuwa ameshiba, ametulia kwenye kona yake, huanza kula ndani ya dakika chache kana kwamba hajaonja kitu siku nzima. Mwanga ukizimwa, anaacha. Mtu aliyepungua kilo nyingi ni kama anaishi na mwanga huo ukiwaka.

Tena ubongo hauishii kwenye njaa, hubana na matumizi. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake walionyesha kwamba mtu akipungua asilimia 10 ya uzito wake, mwili huanza kutumia nishati kidogo kuliko inavyotarajiwa hata kwa ule mwili wake mpya uliopungua. Kwa maneno mengine, wewe wa kilo 83 uliyetoka kilo 98 unahitaji chakula kidogo kuliko jirani yako ambaye miaka yote amekuwa na kilo 83. Mkila sahani moja, yeye anabaki alivyo, wewe unanenepa. Hilo ninalieleza kliniki mara nyingi, na mara nyingi mgonjwa hunyamaza kidogo, kisha machozi yanamtoka.

Tena hali hii haipiti haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Melbourne, Australia, uliwachukua watu 50 wakapunguzwa uzito kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa na shibe zilikuwa hazijarudi zilipokuwa mwanzo, na njaa yao bado ilikuwa juu. Mwaka 2016 Kevin Hall wa taasisi za taifa za afya za Marekani aliwapima tena watu 14 walioshiriki mashindano ya runinga ya kupunguza uzito kwa kasi kubwa. Miaka sita ilikuwa imepita na wengi walikuwa wamesharudisha kilo nyingi, lakini miili yao bado ilikuwa inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Wale walipungua kwa namna ya kupita kiasi, na wewe hukufanya hivyo, lakini mwelekeo ni huo huo.

Kwa hiyo uliposema "kutembea sijaacha", nilikuamini.

Hadi hapa nimezungumzia njaa. Hamu ni kitu kingine, nayo ina sehemu zake katika ubongo, zile zinazotumia kemikali iitwayo dopamini kutufundisha kipi kitamu na kipo wapi. Hamu haingoji tumbo liwe tupu. Ndiyo inayokufanya umalize pakiti nzima ilhali ulifungua ili uonje. Huyo huyo Kevin Hall mwaka 2019 alichapisha jaribio ninalolipenda kwa sababu ni rahisi kulielewa. Watu 20 walilazwa kituoni mwezi mzima. Wiki mbili walipewa chakula kilichosindikwa sana viwandani, wiki mbili chakula kilichoandaliwa kutokana na vitu visivyosindikwa. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, kisha wakaachiwa wale watakavyo. Kwenye chakula cha viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye kile kingine wakapungua karibu kilo moja. Utashi wao haukubadilika kati ya wiki ya pili na ya tatu. Chakula ndicho kilichobadilika, na ubongo ukakijibu.

Hapo pia ndipo penye jibu la wale wanaosema zamani watu hawakuwa hivi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba tofauti ya uzito kati ya mtu na mtu, kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 70, inatokana na kurithi, na jeni nyingi zinazohusika hufanya kazi ndani ya ubongo. Jeni hizo hazikubadilika katika miaka 50. Kilichobadilika ni vinavyotuzunguka, na wenye ubongo mwepesi wa kushika njaa ndio walioumia kwanza.

Kuhusu sukari, nataka uitazame ile 6.4 kwa jicho jingine. Ulipimwa asubuhi, hujala usiku kucha. Sukari ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ini lako, ambalo huitoa usiku ili viungo vipate cha kutumia, na ubongo peke yake hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yote ya mwili uliopumzika. Insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ndiyo inayoliambia ini lipunguze. Ini likijaa mafuta linakuwa sugu, halisikii, linaendelea kumwaga. Ubongo nao una sauti hapa. Katikati ya karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard alimdunga sungura sindano sehemu ya chini nyuma ya ubongo, na sukari ikatokea kwenye mkojo. Leo tunajua haipothalamasi inapokea insulini kama inavyopokea leptini, na kwa njia ya neva inaweza kulituliza ini au kulichochea. Lakini tusikiuke mipaka: kongosho, ini na misuli yako bado ndivyo wahusika wakuu wa kisukari. Ubongo si mkosaji wa kila kitu, na mtu akikuuzia dawa ya "kusafisha ubongo ili sukari ishuke", mkimbie.

Sasa swali lako la mwisho: nijaribu tena ya nini?

Ujaribu kwa sababu kilo unazohitaji ili kuikimbia sukari ni chache kuliko unavyodhani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwachukua watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari kama wewe. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ikashuka kwa asilimia 58 ukilinganisha na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwako asilimia 7 ni kilo 7, wala si 15. Na jambo linalonipa moyo zaidi ni kwamba walipofuatiliwa hadi miaka 15, kundi lile bado lilikuwa na wagonjwa wachache wa kisukari, ingawa kwa wengi sehemu kubwa ya zile kilo ilikuwa imesharudi. Miezi yako tisa haikupotea bure.

Ila safari hii tupange tukijua tunashindana na nini. Mara ya kwanza ulipigana na njaa kwa kujikaza. Sasa tuanze kwa kuipunguza hiyo njaa yenyewe.

Usingizi ndio ningeuanza, na ni jambo ambalo madaktari wengi hulipita haraka. Katika jaribio la Chicago la mwaka 2004, vijana 12 wenye afya walilala saa nne tu kwa usiku mbili. Leptini ikashuka asilimia 18, na ghrelini, homoni inayotoka tumboni kuamsha njaa, ikapanda asilimia 28. Usiku mbili tu! Kama unakoroma sana, au waliolala nawe wanasema pumzi yako inakatika, usiseme ni kawaida ya wanene. Upimwe, kwa sababu huo ni ugonjwa unaotibika na unaharibu sukari pia.

Kwenye sahani, punguza vya pakiti kabla hujapunguza wingi. Weka protini na nyuzinyuzi katika kila mlo. Vinakaa tumboni muda mrefu na kupeleka habari ya shibe juu kwa njia ya neva na homoni za utumbo. Usiruke milo mchana halafu ukapambana na njaa usiku mzima. Na vile vinavyokuita ukiviona, visikae nyumbani. Kuvikwepa dukani ni kazi ya dakika tano, lakini vikishaingia kabatini utapambana navyo kila siku.

Kutembea endelea, lakini uongeze mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kuinua vitu vizito, kuchuchumaa na kusimama. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo tu, nakuambia wazi ili usije ukakata tamaa. Faida yake kubwa ni kulinda misuli, ambayo ndiyo humeza sukari, na kusaidia kilo zilizotoka zisirudi.

Kisha pitia dawa zako zote. Vidonge vya steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, za kifafa, za sonona, na hata baadhi ya dawa za kisukari, huongeza uzito, na nyingine hufanya hivyo kwa kugusa hizo hizo sehemu za ubongo. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Uliza kama kuna mbadala.

Bila shaka umesikia habari za sindano za kupunguza uzito. Ile iitwayo semaglutidi inaiga homoni ya utumbo inayojulikana kama GLP-1, na sehemu kubwa ya kazi yake ya kupunguza uzito inafanyika ndani ya ubongo. Wanaoitumia husema kitu kile kile kwa maneno tofauti: ile kelele ya chakula kichwani imenyamaza. Katika jaribio la mwaka 2021 lenye watu 1,961, waliochomwa walipungua wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68, na waliopewa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Walipoacha, theluthi mbili ya kilo zilirudi ndani ya mwaka. Kwangu mimi huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba mpwa wako amesoma sawa: mtuliza ubongo akiondoka, ubongo unarudia kulinda uzito wake. Kwa hiyo dawa hizi zitazamwe kama dawa za shinikizo la damu, za muda mrefu, chini ya uangalizi. Huleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, na hazimfai mjamzito wala mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo katika familia. Usizinunue mikononi mwa watu.

Usijilinganishe na kilo 83 kwa sasa. Lenga 92, na ukifika hapo kaa miezi sita bila kushuka wala kupanda. Kukaa pale pale ni kazi kamili, maana huo ndio wakati ubongo unavuta kwa nguvu, na ndio wakati ambao mara ya kwanza uliachwa peke yako.

Ukirudi kliniki, omba kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kiitwacho HbA1c, pamoja na shinikizo la damu, mafuta ya damu, ini na homoni za tezi ya shingo. Beba karatasi uliyoandika kilo zako za miaka yote unayoikumbuka, saa unazolala, dawa unazotumia, na saa za siku ambazo njaa inakuwa kali zaidi. Mwambie daktari kwamba ulishapungua kilo 15 na zikarudi, na umuulize atakusaidiaje na njaa. Akikujibu tena habari za mdomo, tafuta daktari mwingine, na kipimo cha sukari kirudiwe ndani ya miezi mitatu, usingoje mwaka.